Sura Iliyokosa Njia

Kwetu mtoto hapewi jina mpaka babu aone anafanana na nani. Binti yangu alizaliwa hapa mjini, mtaani Kabondo, papa yangu, yaani baba, yuko mbali kule Bafwasende, na barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua. Picha ya kawaida aliikataa. Alisema sura ya mtu huonekana inapojikunja, si ikiwa imekauka kama samaki. Tukawa tunapiga simu ya video, na kila mara skrini inaganda. Mtoto akabaki "bebe" tu, na mke wangu akanuna. Mimi ni fundi wa mitambo ya redio, kwa hiyo lawama zote zikaniangukia.

Siku moja papa akawaka. "Sauti yako inafika muzuri. Juu ya nini sura inabakia mu njia? Weye iko fundi ya nini, alors?"

Hilo liliniuma. Nikamweleza kwa baisikeli, kwetu tunaiita kinga, maana zamani aliendesha toleka hapa mjini, akibeba abiria.

"Papa, kinga ikienda sawa, kanjia kadogo kanatosha. Ukianza kuyumbisha usukani mbio-mbio, unaingia mu majani, huku na huku. Wimbi ya simu iko vile. Ikitulia haiombe nafasi, lakini haisemi kitu. Kusudi iseme, lazima igeuke. Sauti inaigeuza kidogo. Sura inaigeuza mbio sana, inaomba njia kubwa. Na njia ya kule kwenu iko kadogo."

Akafikiri. "Donc kosa ni ya njia, hapana ya mutoto."

"Ndiyo, papa."

"Bon. Nini inaweza kupita?"

"Sauti tu."

"Basi leta sauti."

Mke wangu, aliyekwisha kuchoshwa na baisikeli zetu, akamsogeza mtoto kwenye simu. Alikuwa na njaa, akalia kwa hasira yake yote. Simu hukata ncha za juu za sauti ili itoshe njiani, kwa hiyo kilichofika Bafwasende kilikuwa kilio kilichopunguzwa.

Nikaita "Papa?" mara mbili. Nikaudhika: sasa hata sauti imekatika! Haikukatika. Nilimsikia mama, aliyekuwa kando ya papa kule, akisema polepole, "Ngoja, mwana. Papa yako iko analia."

Halafu papa akampa mtoto jina: la mama yake, aliyefariki yeye angali mdogo, bila kuacha picha hata moja.

"Sura yake nilisahau," akasema. "Sauti, hapana."