Hedseti Yenye Masikio Makali

Mteja alikata simu akilia. Alisema nimemwita ng'ombe.

Jamani, mimi sijawahi kumwita mteja ng'ombe. Moyoni, labda. Mdomoni, hapana.

Lakini hilo lilikuwa lalamiko la tatu ndani ya mwezi mmoja, na ofisini kwetu malalamiko matatu ni barua ya kufukuzwa.

Kazi yangu ni kupokea simu za watu walioharibikiwa na majokofu. Tuko kumi na wawili chumba kimoja, tumebanana kama njiti za kiberiti. Nyuma yetu huzunguka msimamizi, tuliyembatiza Filimbi.

Huyo bwana hajui kuongea. Anajua kufoka tu, tena anakufokea kisogoni ukiwa na mteja kwenye laini. Na kisogo alichokipenda kuliko vyote ni changu.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Mwanzoni mwa mwezi muuzaji alituletea hedseti za aina mbili, zile za kuvaa kichwani zenye kimaiki kinachochungulia mdomoni. Filimbi akanituma nizijaribu. Nikavaa ya kwanza, nikampigia dada wa meza ya mwisho, tunayemwita Shangazi. Muuzaji akabamiza droo nyuma yangu.

"Umesikia nini?" nikamuuliza Shangazi.

"Nimekusikia wewe tu."

Nikavaa ya pili. Droo ikabamizwa tena.

"Mama yangu!" Shangazi akaruka kwenye kiti. "Hiyo droo imenigonga mimi au?"

Nikamgeukia Filimbi. "Bosi, chumba hiki ni soko. Tuchukue ya kwanza, inasikia mdomo wa aliyeivaa, basi."

Akanicheka mbele ya watu.

"Umeajiriwa kupokea simu au kunifundisha kazi? Nachukua ya pili. Ina masikio makali. Mkinisengenya, rekodi ya simu itawataja."

Nikaivua. Mwenye kisu ndiye mla nyama.

Wiki hiyo hiyo lalamiko la kwanza likaingia. "Nimetukanwa na mwanaume kwenye simu." Likaja la pili. Nilikuwa naapa hadi koo linakauka, nani anisikie? Filimbi alikuwa akisoma karatasi tu, kisha ananitazama kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja.

Basi, lilipoingia la tatu, akanishika shati begani, akanikokota hadi kwa meneja. Barua alishaichapa, jina langu limekaa juu kabisa.

"Leo ni leo, mchekeshaji. Utaenda kuwachekesha nyumbani kwenu."

Nyumbani kwetu kuna mama na wadogo zangu wawili, na mwenye kazi ni mimi peke yangu. Hapo sikuwa na utani hata wa kusingizia.

Meneja, mama mmoja asiye na haraka, akaisoma barua.

"Una uhakika?" akamuuliza Filimbi.

"Mama, weka rekodi! Usikie mwenyewe mshenzi huyu anavyotukana watu."

Akaiweka.

Kwanza sauti yangu, laini kama mafuta: "Pole sana mama, jokofu limezima tangu lini?"

Halafu nyuma yake, wazi kabisa: "Harakisha, ng'ombe wewe! Dakika sita unabembeleza jokofu!"

Mteja: "Unaniita ng'ombe mimi?"

Meneja akaweka rekodi ya lalamiko la pili. "Kichwa maji!" Akaweka ya kwanza. "Hata mbuzi angeelewa!"

Zote sauti ya Filimbi.

"Mama, mimi... nilikuwa namwambia huyu, siyo wateja."

"Ahaa. Kumbe ndivyo unavyoongea nao?"

Filimbi akanyoosha mkono kuichukua barua yake; meneja akaiwekea kiwiko.

"Na hizi hedseti alizichagua nani?"

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi mwenye adabu. "Yeye, mama. Alisema zina masikio makali."

Meneja akachukua kalamu. Akakata jina langu kwenye ile barua, juu yake akaandika la Filimbi. Barua yenyewe hakubadilisha hata nukta.

Siku hizi tunavaa zile za kwanza, nimezichagua mimi. Ila moja ya zile za Filimbi nimeibakiza kwenye droo. Msimamizi mpya akianza kupandisha sauti, naitoa, naichomeka, naivaa taratibu huku namtazama usoni.

Sauti inashuka yenyewe.

Wewe unayenunua sikio la kumtegea mwenzio, kumbuka na wewe una mdomo.