Pole Niliyoichelewesha

Nakumbuka wiki moja nilimnyima mtu pole kwa sababu ya vitenzi vya Kiingereza. Umri wa kutoa nasaha sijaufikia, mdogo wangu, lakini hili nisipokwambia litazidi kuniuma.

Nilikuwa nauza vitenge Kariakoo, huku najifundisha Kiingereza mwenyewe. Ubavuni mwa boksi niliorodhesha vitenzi vya wakati uliopita, na chini yake maneno yanayotamkwa sawa kwa Kiingereza: "nilijua" na "mpya", "alikula" na "nane". Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Chisomo wa Malawi. Kila akija kuchukua mzigo aliniletea pakiti ya chai ya kwao, akaniongelesha kwa Kiingereza chake cha kukimbia, makosa tele, anacheka. Mimi nilitikisa kichwa tu. Nilisubiri nikijue vizuri kwanza.

Asubuhi moja akanitumia ujumbe: binti yake, Chisomo, amefariki.

Nilitaka kumjibu kwamba nilisikia, nikaumia. Nikakumbuka kwamba "nilisikia" kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa na neno la kundi la ng'ombe. Nikaona nikikosea herufi nitamtukana mfiwa. Nikaandika, nikafuta. Nikakagua boksi, nikafuta tena. Siku ya nne nikamwambia Mzee Athumani, fundi cherehani wa barazani petu, kwamba ujumbe wangu wa pole sasa hauna kosa hata moja.

Akauliza msiba ni wa lini. Nikamwambia. Akasimamisha cherehani.

"Siku nne, bwana mdogo? Msibani watu tunaenda na kandambili, hivyo hivyo tulivyo. Wewe ulikuwa unatafuta viatu."

Nikautuma palepale. Aliusoma, hakujibu.

Nasikia bado anakuja mjini, ila mzigo anachukulia mtaa wa pili. Simlaumu. Chai yake imebaki kidogo kwenye kopo. Siinywi, huwa naifungua nikanusa. Na kila nikimwona mwanamke mrefu amejitwisha furushi la vitenge, nageuka haraka, maneno yote yako mdomoni.

Kwa hiyo jifunze, mdogo wangu, hata boksi zima likariri. Ila mtu akiwa na kilio, mpe maneno uliyonayo siku hiyo hiyo. Mungu akupe ulimi mwepesi, na watu wa kukuvumilia unapokosea.

Mimi wakati uliopita bado unanishinda. Siku hizi natuma kwanza, najisahihisha baadaye.