Lori la Mezani Lilipoanza Kukohoa

Lori langu la kwanza nililinunua kwa ndizi. Nilianza na mkokoteni pale sokoni Daraja Mbili, nikisukuma mikungu ya watu, na leo mikungu ya watu inabebwa na lori langu. Shule niliiacha darasa la tano na sijaona nilichopungukiwa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mtu aliyesumbuliwa na laptop si mtu wa kusumbuliwa ovyo.

Ubaya ulikuwa mgongo. Safari za Nairobi ziliusaga, mpaka siku moja wapakiaji wakaniteremsha kutoka kwenye kebini kama mkungu mbichi. Daktari mjini Kisii aliangalia picha za eksirei za mgongo, akasema nisishike usukani wa lori mpaka aniruhusu yeye. Mke wangu akachukua ufunguo wangu, akaufunga kwenye pindo la leso, na tukaajiri dereva, tukampa ufunguo wa akiba. Dereva mwenyewe si mbaya, ila anapiga kona kama anayeomba msamaha.

Binti yetu, anayefanya kazi Nairobi, aliniona nikizunguka boma kama kuku aliyefungwa mguu, akaniletea laptop yenye mchezo wa kuendesha malori. Unapakia mzigo, unaendesha barabara za Ulaya, na usukani wake unafungwa mezani. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nilikula chakula cha mchana nikiwa Ujerumani.

Basi asubuhi nilikuwa sokoni Daraja Mbili nikisimamia upakiaji, na mchana nilikuwa nyumbani Birongo nikiendesha mezani. Mke wangu alifurahi. Kila saa niliyokaa kwenye ile meza ilikuwa saa ambayo siitazami leso yake.

Januari, jua likiwaka, lori lilikwenda vizuri. Mvua za masika zilipoanza, likaanza kukohoa. Picha inakwenda, inakwama, inaruka. Mti uliokuwa mbele unatokea ghafla nyuma. Mlio wa injini ukawa krr, krr, kimya, krr. Mimi nimesikiliza injini tangu nikiwa na ndevu za kuhesabu. Nikafumba macho, nikasikiliza, nikampigia binti yangu.

"Kuna maji kwenye diseli."

"Tata, hilo lori halina diseli."

"Lina geji ya diseli. Nimeiona."

Kisha akaniambia nizime programu zote nisizozitumia. Nikazima. Nipunguze ubora wa picha. Nikapunguza mpaka Ujerumani yote ikafanana na uji. Niondoe kitambaa cha kufuma ambacho mama yake aliitandikia laptop, kwa sababu kinaziba matundu ya hewa. Hapo kulikuwa na mazungumzo marefu kati yangu na mama yake, lakini kitambaa kiliondoka. Lori likaendelea kukohoa.

Nikachoka. "Mama watoto, lori hili limekufa. Jumatatu nipe ufunguo wa lile lingine. Nitafika Keroka tu, hapo jirani, nijaribu mgongo."

"Keroka? Wewe umewahi kuishia Keroka?"

"Daktari hanishindi kuujua mgongo wangu."

"Aliuona kwa ndani. Wewe umeona nini, shati?"

Hakupandisha sauti. Aliifunga leso upya, fundo juu ya fundo, akasema kesho twende kwa fundi, yeye atalipa. Mke wangu halipi fundi hata wa cherehani yake. Nikajua ameogopa.

Fundi ana kibanda chini ya ngazi, karibu na stendi ya Kisii. Alichomeka chaja, akafungua mchezo, akaingia barabarani. Lori likanguruma kama limetoka kiwandani jana.

"Mzee, gari halina ubovu."

"Linakohoa."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Basi labda ni dereva," akasema, na mteja aliyekuwa akingoja akacheka. Sijawahi kuambiwa neno kama hilo, hata na polisi. Fundi akapuliza vumbi kwenye feni ili tusijione tumekuja bure.

Mchana ule niliiwasha mezani, na kweli lilikwenda. Halafu radi ikanguruma upande wa Nyamira. Kwetu radi si hadithi, inaua ng'ombe na watu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila nyumba inachomoa kila kitu. Mke wangu akachomoa televisheni, redio, chaja ya laptop, na pasi ambayo haijapigwa tangu Krismasi. Lori likakohoa. Nikampigia binti yetu, nikaweka sauti juu ili mama yake asikie.

"Fundi ameshindwa. Mwambie mama yako anipe ufunguo."

"Tata, chaja imechomekwa?"

"Mvua inakuja. Unataka tuungue?"

"Kwani huwa unacheza mvua ikija?"

"Masika, mchana wa hapa una kitu kingine ila mvua? Wewe ulizaliwa wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa yeye. Akaeleza kwamba laptop ikitumia betri hubana nguvu ili isizime upesi, na mchezo mzito ukikosa nguvu, picha na sauti hukatika. Nilielewa kabla hajamaliza. Diseli ikikaribia kwisha, hata mimi huachilia mguu na gari likajikokota. Kwa hiyo nilikuwa nimesema kweli, shida ilikuwa mafuta. Nikamwambia hivyo.

Alinielekeza kwa simu mahali pa kuilazimisha itumie nguvu zote bila chaja. Lori likapata nguvu, na betri ikafa kabla sijavuka mpaka.

"Asubuhi huwa kuna jua," mke wangu akasema, akikata mboga.

"Asubuhi niko sokoni."

"Dereva ana macho."

"Wataniibia mikungu."

"Ukipotea mmoja nitakukatia mwingine hapo nyuma ya jikoni."

Niliwaza mpaka chai ikapoa. Sokoni ndiko ninakoitwa mkubwa, na huwa naitika. Ila kila asubuhi huko mlango wa lori huwa wazi mbele yangu, injini ikiwa moto. Siku moja ningepanda. Mke wangu alilijua hilo kabla yangu, au siku ile ile.

Jumatatu asubuhi, mbingu safi, nilichomeka chaja na kuondoka na mzigo wa vigae kuelekea Italia. Simu ikalia. Alikuwa dereva, akisema wapakiaji wanabishana kama mikungu mikubwa ikae chini au juu.

"Chini," nikasema.

"Sawa mkubwa. Na wewe, unakuja?"

Lori la mezani lilikuwa likipanda mlima, likinguruma bila kukatika hata kidogo. Nadhani alilisikia.

"Leo sifiki," nikasema. "Niko barabarani."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka kwenda kulisha kuku.