Nyayo za Kilema

Wataalamu walikuja Butiama kujaribu soli za kielektroniki, zinazowekwa ndani ya kiatu na kutuma mwendo wa mtu kwenye simu yao. Mama yangu, anayebebaga ndoo ya maji kichwani bila kuyumba, alipozivaa alizunguka uwanja wa zahanati akichechemea kama aliyechomwa na mwiba. Wakamhurumia sana.

Njiani kurudi nyumbani alitembea kama kawaida. Nikapandwa na hasira.

"Mama, umewadanganya wageni kwa nini?"

Akanikata jicho. "Mtu akichota udongo wa unyayo wako si anakuroga? Hawa wamechota nyayo zangu zote, wanazipeleka wapi? Basi wabebe hizo za kilema."

Nikageuka kutazama nyayo zangu vumbini. Mimi walinipima asubuhi, na nilitembea vizuri kabisa.