Makombora ya Fulgensi Kwenye Matete

Mjukuu wangu Fulgensi hakulelewa kitandani, alilelewa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Mama yake akienda kupalilia, alimwacha kule juu na kombeo mkononi, afukuze kweleakwelea wasimalize mpunga. Alikuwa na shabaha, jamani! Siku moja dongo lake lilivuka Mto Kilombero, likampiga nguruwe pori upande wa Ulanga, tukala nyama mpaka tukaikinai. Asiyeamini akamuulize nguruwe.

Kijana kakua, sasa anatengeneza pawatila, yale matrekta ya kusukuma kwa mkono, hapa Ifakara, na Jumamosi huingia banda la kompyuta la Ngusa kupigana vita. Ni vita vya kwenye kioo, lakini mizinga yake inanguruma hadi kuku wangu wanataga mayai yasiyo na ganda. Mimi huuza vitumbua mlangoni pale, kwa hiyo vita hivyo navijua. Adui anajificha msituni, humwoni. Ukimtuma askari akamsogelee, ataonekana, ila askari wako ndiyo basi tena. Mwenye mizinga hukaa mbali, anakisia kichaka, anatupia makombora juu ya miti. Akikisia vizuri, adui anakwisha bila kujua kilichomuua. Fulgensi alikuwa fundi wa kukisia.

"Bibi, adui ni kama ndege tu," aliniambia. "Anatua penye kivuli na chakula."

Basi akawa anamtaka Levina, binti wa jirani zetu. Baba wa Levina alishatangulia mbele ya haki, mwenye neno ni kaka yake, Lukelo, mtu mpole asiyecheka ovyo, naye mpenzi wa vita hivyo hivyo. Tulikuwa tupeleke posa Jumapili. Jumamosi yake wakaja vijana wawili wa Mang'ula kushindana, na Lukelo akasema, "Fulgensi, shika mizinga. Mimi nashika askari wa miguu." Mjukuu wangu akaumuka kama kitumbua. Alijua anapimwa.

Ngusa aliweka ugumu wa mwisho: hata askari wa mwenzako wakijificha huwaoni. Wa Mang'ula walikaa nyuma ya ubao, wanasikia kila neno. Lukelo akawaingiza watu wake kimya kimya kwenye matete kando ya mto, avizie vifaru vikipita.

Fulgensi akaona matete yanatikisika. Sasa, kule mashambani tuna sheria: kabla hujatupa dongo kwenye matete, unaita, maana huenda jirani yumo anakata majani, au anajisaidia. Aliyemo huitika. Ukisikia kimya, hakuna mtu, ni nguruwe. Mjukuu wangu, mbele ya banda zima, akaita kwa sauti ya dunguni, "Hooo! Nani yumo?"

Lukelo angeitikaje na adui anasikiliza? Akauma midomo, akatikisa kichwa. Fulgensi hakumtazama, macho yake yalikuwa kwenye matete. Akamwaga makombora yote.

Moshi ulipoondoka, waliolala pale walikuwa na bendera ya kwetu.

"Anaua ukoo!" akapiga kelele mmoja wa Mang'ula. "Tugawieni huyu, sisi tutamlisha!" Watu walicheka hadi wakashika kuta.

Lukelo akasema polepole, "Fulgensi, umenipiga mimi." Mjukuu wangu akainuka, akatoka peku, ndala akaziacha chini ya meza.

Jumapili akagoma kwenda.

"Bibi, nitamtazamaje?"

"Kwa macho, baba. Mungu alikupa mawili."

"Sina uso, Bibi."

Nikaenda na mshenga wetu, mzee Polikarpo. Kabla hatujakaa vizuri Lukelo akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Ulimi ukateleza sijaukamata: "Ana homa, kichwa hakiinui. Anaweweseka kwa Kilatini."

Nilitegemea aseme pole. Yeye akachukua machungwa, akasema, "Twende tukamwone mgonjwa." Njiani nikalalamika kiuno, nikamsimulia habari za mamba aliyemeza redio. Hakusimama.

Tukamkuta Fulgensi uani, mzima kama chuma, amelala chini ya pawatila anafungua boliti, anapiga mluzi. Mluzi ukafa. Akajitoa, mikono mafuta matupu, akanyoosha kifundo cha mkono kusalimia. Lukelo akakishika, asikiachie.

"Kunipiga ni mchezo," akasema. "Watu wanapigana, watu wanacheka, basi. Lakini umenikimbia, na bibi wa watu anasema uongo kwa ajili yako. Dada yangu nimpe mtu anayejificha?"

Fulgensi akatazama vidole vya miguu yake. Na mimi nikatazama vyangu.

"Twende kwa mama yenu," Fulgensi akasema mwishowe. Akaenda hivyo hivyo, na mafuta yake.

"Shikamoo, mama. Sikuwa na homa. Niliona aibu."

"Marahaba. Aibu ya nini?"

Ikabidi asimulie yote, na mama wa watu kompyuta haijui. Akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ulimuua mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Na watu wake wote."

Nyuma ya pazia Levina akapasuka kwa kicheko. Mama naye akajiziba mdomo kwa khanga, akamtazama Lukelo. Lukelo akaitikia kwa kichwa, bila kucheka.

"Levina," mama akaita, "mletee mgeni maji anawe, tule. Na sabuni ya unga."

Alinawa, akanawa, kichwa chini, mafuta yamegoma kutoka, na wali ukapoa tukimsubiri.