Sihami Mpaka Apimwe

Jokha hakuwa mtu wa kelele. Tangu yeye na mumewe Ameir walipoikimbia Pemba baada ya machafuko ya Januari 2001, alikuwa ameishi London kwa kuinamisha kichwa. Alfajiri anawaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mchana anawakimbilia wanawe skuli, jioni yuko jikoni. Ameir alikuwa akipakia mizigo ghalani. Kaunsili, serikali ya mtaa iliyowapa nyumba, ikawahamisha kama viti vya harusi: leo Barking, mara Woolwich, mara Edmonton. Kila walipoambiwa fungeni mizigo, Jokha alisema ahsante.

Hasira ilimwanzia kwenye duka la miwani.

Alimpeleka bintiye, Zuwena, wa miaka minane, maana mwalimu alilalamika kwamba mtoto anaruka mistari akisoma na hajali kitu. Mpima macho alikuwa Bharti, mama wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, na alipoyasikia majina yao tu akaingia kwenye Kiswahili. Akamziba Zuwena jicho la kulia, akamwuliza anaona nini ukutani. Zuwena akajibu kwa Kiingereza kwamba ukutani hakuna kitu.

Palikuwa na herufi kubwa kama sahani.

"Soma, mwanangu, usitufanyie mchezo," alisema Jokha.

"Hachezi, dada," alisema Bharti. "Jicho la kushoto limelala. Lenyewe zima, lakini ubongo umezoea hili la kulia, lile umelitupa. Alipoanza shule hawakumpima? Watoto wa miaka minne, mitano, wanapitiwa hukohuko shuleni."

"Hajapimwa na mtu."

"Wakati ule tungelirudisha. Sasa tutajaribu kumziba la kulia ili la kushoto lifanye kazi, ila nisikudanganye, tumechelewa. Kwa nini hukumleta mapema?"

Jokha alimvuta Zuwena karibu yake. Angejuaje? Mtoto mwenyewe hakujua. Alidhani watu wote wanaona hivyo.

Kesho yake akapiga simu skuli zote mbili za mwanzo. Barking wapimaji walipita wiki moja baada ya familia yake kuhamishwa. Woolwich walikuwa wameshapita kabla hawajafika. Mtoto akaanguka hapo katikati, na hakuna aliyeinama kumwokota.

Jumapili walikula chakula cha mchana kwa Suad, dada yake Ameir, karani wa ofisi ya mawakili, mwenye nyumba yake na bustani yake. Wanawe wamekaguliwa meno, wamepimwa macho, sindano zote wamechomwa. Jokha alipoeleza habari ya Zuwena, Suad akatikisa kichwa mbele ya wageni.

"Wifi, mambo haya ni ya kufuatilia. Watu wetu wengine hawajali, basi."

Jokha aliitua sahani ya biriani mezani, kijiko kikaruka.

"Nani hajali? Wewe mwanao akiitwa kliniki unamuaga bosi wako unatoka, na mshahara wako uko palepale. Mimi nikitoka, zamu anapewa mwengine. Wewe mlango wako ni huohuo tangu wanao hawajazaliwa, kila anayekutafuta anakupata. Nimekwenda kila nilikoitwa, wifi. Huku sikuitwa!"

"Jokha, basi," Ameir alinong'ona.

"Basi nini? Wewe ndiye unayesema kila tukitupwa tushukuru!"

Akachukua wanawe akaondoka, mumewe akawafuata kituo cha basi.

Mdogo wake Zuwena, Abdulwakil, alikuwa ndiyo kwanza ameanza skuli. Safari hii Jokha hakungoja kuambiwa. Alimwendea mwalimu mkuu mwenyewe, akaambiwa wapimaji watakuja Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyohiyo akagonga mlango Severin, Mkongo aliyesimamia nyumba za muda za kaunsili. Akasema wamepatiwa nyumba nje ya mji. Funguo za hapa zirudishwe Jumatano.

"Sihami," alisema Jokha.

"Mama, si mimi niko naamua. Mukikataa wataandika mumekataa, na ingine hawatawapa."

"Waandike. Waandike mwanamke huyu hahami mpaka mwanawe apimwe macho. Wa kwanza mlimhamisha, jicho limekufa. Huyu hamuondoi hapa."

Ameir alikuja mbio kutoka chumbani, uso umempauka. "Samahani, bwana, mke wangu amechoka..."

"Sijachoka. Nimekasirika. Kama unataka kuhama, hama peke yako."

Severin alimtazama, akamtazama mtoto aliyejificha nyuma ya gauni lake, akaondoka bila kuahidi kitu. Jumatano ilipita, kila hatua ya mtu kwenye ngazi ikimshtua Jokha. Hakuna aliyekuja.

Alhamisi hakwenda kazini. Alikaa skuli, kwenye kiti cha watoto, nje ya chumba, mpaka Abdulwakil akaitwa. Muuguzi alimziba jicho moja, akamwonyesha picha, akambadilishia upande wa pili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, mtu angeimaliza chai yake haijapoa. Jicho la kushoto lilikuwa limelala, kama la dada yake. Muuguzi akatabasamu, akasema bahati nzuri limegunduliwa mapema.

Jokha hakutabasamu. Alitamani kukibeba kile kiti akivunje ukutani. Kumbe ni hivi tu? Kwa kitu kidogo namna hii mwanawe mmoja amepotezewa jicho?

Mwezi uliofuata walihamishwa, na kazini zamu zake za Alhamisi akapewa mwengine. Suad alipiga simu kuomba radhi. Jokha akamwambia yamekwisha, lakini biriani ya Jumapili hakuirudia. Jicho la Abdulwakil lilipona kwa miwani na kuzibwa lile zima. La Zuwena lilipata nafuu kidogo tu. Herufi kubwa anaziona, ndogo hazioni, na kile kiraka cha kuzibia jicho alikichana mara nyingi kwa hasira.

Siku moja aliuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini la mdogo wake limepona na lake halikupona. Ameir akaanza kusema ni mipango ya Mungu. Jokha akamkatiza.

"Kwa sababu wapimaji walipokuja kukupima wewe, kaunsili ilikuwa imeshatuhamisha."

Zuwena alifikiri. Akasema kwamba hiyo si haki.

"Si haki," alisema Jokha. "Na asikwambie mtu vinginevyo, hata baba yako."