Niliifuta Namba Arobaini na Moja

Siku moja baada ya kutangaza kwamba kaseti namba 41 haijawahi kuwepo duniani, nilitumiwa picha yake.

Namba ya simu sikuijua. Picha ilikuwa ya upande wa nyuma wa kaseti, ule wenye skrubu, na hapo kulikuwa na maneno yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Mwandiko ulikuwa wa baba yangu.

Na baba yangu yuko kaburini, huu ni mwaka wa nne.

Ngoja niwaeleze polepole. Nikiharakisha nitaanza kujitetea, na utetezi sina.

Naitwa Noah. Mimi ni fundi wa tivi na redio hapa Voi, upande wa Sofia. Marehemu mzee wangu, Mwakio, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akibeba ndizi kutoka Mboghoni, kule Taveta, anazishusha Mombasa, halafu anapita nyumbani siku mbili tatu kabla ya kurudi barabarani.

Nikiwa darasa la tatu aliniletea mashine ya game. Si hizi za sahani za CD mnazojua nyinyi. Hii ni ya kaseti. Unaipuliza kwanza vumbi litoke, unaichomeka juu, unaomba Mungu, ndipo inakubali. Kwenye boksi palikuwa pamechorwa ndege, basi mtaa mzima ukaiita Jeti.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye picha za kaseti zote za Jeti, namba moja mpaka sitini na nne. Kila mzee akitoka Mombasa alikuwa ananiletea moja. Nilipoingia sekondari akaacha.

"Wewe sasa ni mwanaume," akaniambia. "Shika kitabu."

Nilishika kitabu, lakini ile karatasi sikuitupa.

Nikiwa mtu mzima, na familia yangu, nikaanza kuzitafuta zilizobaki. Mombasa, Mwatate, kwa watu waliozirusha juu ya dari wakazisahau. Miaka kumi na moja! Mke wangu alishachoka kusema. Nikapata wenzangu wenye ugonjwa huohuo, tukafungua grupu la WhatsApp, watu mia na ushee. Maadmini tulikuwa wawili, mimi na Kituku, jamaa anayetengeneza simu pale Mwatate.

Kazi ya grupu ilikuwa moja tu: kukubaliana ni game zipi ziko kwenye maktaba kamili ya Jeti, na zipi ni takataka.

Msicheke. Tuliwahi kununiana wiki tatu kwa ajili ya kaseti moja iliyouzwa na vibandiko viwili tofauti. Wengine walitaka ihesabiwe mara mbili.

"Ni game moja hiyo," Kituku akasema. "Kwani mtu akibadilisha shati amekuwa watu wawili?"

Kulikuwa na ile iliyoandikwa game tisini na tisa, ukizihesabu ni nne zinajirudiarudia. Nikaikataa. Kopi za mtaani nikazikataa. Moja ya kutoka Holili, mwenyewe aliapa kwa jina la mamake kwamba ni halali, nikaikataa pia. Sheria yangu ilikuwa fupi. Kama haina namba iliyogongwa kiwandani, kama haina ushahidi, haiingii.

Wakaanza kuniita Jaji. Nililipenda hilo jina, siwadanganyi.

Nikafika kaseti sitini na tatu. Ikabaki 41.

Kwenye karatasi, 41 ilikuwa na picha ya trekta. Basi. Hakuna aliyewahi kuishika wala kumjua mtu aliyewahi kuishika.

Mwaka jana akaingia kwenye grupu mtu anajiita Mtu wa Ndizi. Mpole, hana maneno mengi. Siku moja akaandika:

"41 ipo. Nimeicheza tangu utotoni. Unalima shamba, unatakiwa umalize kabla mvua haijanyesha."

"Weka picha," nikamjibu.

"Jaji, naweza kukuonyesha wewe peke yako? Tafadhali."

"Hapa kila kitu ni mbele ya watu. Leta ushahidi ama unyamaze."

Akanyamaza siku nne. Halafu akarudi na mstari mmoja.

"Jaji, nakuomba 41 usiifute."

Watu wakamcheka mpaka basi. Mimi nikamtoa kwenye grupu. Ni kubonyeza mara mbili tu, kwisha habari yake.

Mwezi wa tisa mwaka huu nikatangaza rasmi: Maktaba ya Jeti imekamilika, kaseti sitini na tatu, namba 41 ilikuwa kosa la mchapishaji. Grupu likajaa makofi. Kituku akaandika, "Hukumu imesomwa, simameni wote!"

Kesho yake ndipo ile picha ikaingia. Chini yake kulikuwa na meseji.

"Habari shemeji. Mimi ni Peris, mke wa Hillary wa Mboghoni. Alisema akituacha nikutumie hii. Tunamzika Jumamosi."

Hillary.

Nilikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya karakana, katikati ya matumbo ya tivi za watu.

Mzee alipofariki tulimzika kwetu juu milimani, Werugha. Na kama hujui mazishi ya kwetu, programu ndiyo kila kitu. Jina lako likiwa kwenye orodha ya watoto wa marehemu, MC anakuita, unatia udongo, unapigwa picha na jeneza. Lisipokuwepo, wewe ni mwombolezaji tu, hata kama umelia kuliko wote.

Aliyeandika ile programu ni mimi.

Alhamisi kabla ya mazishi, mtu aliingia karakana. Mrefu, amevaa shati safi, mkononi ana bahasha ya kaki iliyofura. Alikuwa na paji la uso la baba yangu. Nililiona mara moja, na nikakasirika mara moja.

"Naitwa Hillary," akasema. "Natoka Mboghoni. Pole na msiba. Mzee... alikuwa baba yangu pia."

Nikaendelea kukaza skrubu za redio iliyokuwa mezani.

"Sitaki shamba. Sitaki kitu chochote, kaka. Naomba tu jina langu liandikwe pale mwisho. Hata kwa herufi ndogo."

"Ushahidi uko wapi?"

Akaanza kufungua ile bahasha. "Kuna kitu humu ningependa ukione wewe..."

"Usifungue hiyo kitu hapa!" nikamkatiza. "Programu imeshaenda kuchapishwa. Na mama yangu ana presha. Unataka nizike wawili?"

Programu haikuwa imeenda popote. Ilikuwa kwenye kompyuta, hatua mbili kutoka pale alipokuwa amesimama.

Akaikunja tena bahasha. "Pole basi," akasema, na akatoka.

Siku ya mazishi nilimwona amesimama nyuma kabisa, kando ya tangi la maji. MC alipoita watoto wa marehemu, alivua kofia. Hakusogea. Tulipomaliza kufukia sikumwona tena, na nikashukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru.

Sasa nikaikuza ile picha. Mzee alikuwa na tabia ya kuandika herufi kubwa kubwa, kama anaandikia mtu aliye mbali. Ilisema:

41. YA HILLARY. ZINGINE ZIKO KWA KAKA YAKO NOAH, VOI.

Ndiyo sababu sikuipata miaka kumi na moja. Haikupotea. Labda huku kwetu ilifika hiyo moja tu, na mzee alikuwa ameshampa mwenyewe.

Nililia, jamani. Mteja aliingia kuchukua redio yake, akaniona, akatoka kimyakimya.

Nikampigia Peris.

"Shemeji, yule Mtu wa Ndizi kwenye grupu..."

"Ndiye huyo," akasema. "Alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki anawekwa kwa mashine, saa nne nzima. Hilo grupu lenu ndilo lilikuwa linampitishia muda. Alikuwa anacheka peke yake akisoma maneno yako."

"Maneno yangu?"

"Alikuwa ananiambia, huyu kaka yangu ni mkali, lakini ni mtu wa haki."

Nikauliza, "Mbona hakuweka picha? Si ningemwamini?"

"Mimi pia nilimuuliza hivyo. Akasema, mle ndani kuna watu mia, na hapo nyuma ya kaseti kuna jina la Noah. Siwezi kumwaibisha kaka yangu mbele ya watu."

Wakati mimi nilikuwa nimemwambia kila kitu ni mbele ya watu.

Jioni hiyo nikaenda kwa mama. Nilimkuta barazani anachambua maharagwe. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ili nisimpandishe presha.

"Mama, kuna mtu amefariki kule Mboghoni..."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Hillary?"

"Mama, ulijua?"

"Nimejua tangu ukiwa darasa la nne. Nililia, nikamtukana baba yako, nikamaliza. Mtoto alikuwa na kosa gani?"

"Na mbona hukuniambia wakati tunamzika mzee?"

"Uliniuliza?" Hakupandisha sauti. "Uliniletea programu imeshachapwa. Nikalitafuta jina lake, sikuliona. Nikasema labda mwenyewe amekataa, labda ana uchungu na sisi. Sikujua ni wewe, Noah."

Mimi nilikuwa nimemficha mama aibu ambayo alishaimeza miaka ishirini na tano iliyopita. Hiyo presha yake nilikuwa naitumia kama kisingizio.

"Jumamosi twende wote," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake. Lakini hakuwa anachambua tena, alikuwa anazungusha tu.

Tukaenda. Mboghoni ni mifereji na migomba pande zote, watu wamekaa chini ya turubai. Mimi na mama tukatafuta viti vya nyuma kabisa. Nilijua saizi yangu siku hiyo.

Msichana akapita akigawa programu. Nikafungua ukurasa wa pili. Mke wa Peris, bwana wa Rachel... hata kusoma nilikuwa sisomi vizuri, macho yalikuwa yamejaa maji. Nikapangusa, nikaanza upya. Mume wa Peris. Baba wa Rachel. Mwana wa Mutheu na marehemu Mwakio.

Halafu: Kaka wa Noah Mwakio, Voi.

Si mwishoni. Si kwa herufi ndogo.

Baadaye Peris aliniambia Hillary aliiandika mwenyewe kitandani, wiki mbili kabla ya kufa. "Nilimwambia, na asipokuja? Akasema, aje asije, yeye ni kaka."

MC akaita, "Kaka wa marehemu, tafadhali."

Watu wakaanza kugeuka. Mama akaniweka mkono mgongoni, akanisukuma.

"Nenda. Umeitwa."

Nilitia udongo kwa mkono, sepeto sikuweza kulishika. Nililia kwa sauti kama mtoto, mbele ya watu wote, na sikuona aibu hata kidogo. Aibu yangu ilikuwa nyingine.

Watu walipotawanyika Peris akaja na kaseti imefungwa kwenye leso. Trekta lilikuwa limefifia mpaka limekuwa jekundu la mbali.

"Alisema ikae na zingine," akaniambia.

Kile kitu nilichokitafuta miaka kumi na moja kilikuwa mkononi mwangu. Nilitamani kukitupa kwenye mfereji, nirudishiwe ile Alhamisi moja tu.

"Nani huicheza hapa?"

"Rachel. Lakini mashine yao ilishakufa."

Nikamrudishia kaseti. Wiki iliyofuata nilirudi Mboghoni na Jeti yangu, nimeifanyia ukarabati, pamoja na zile sitini na tatu zote. Nikazipanga kwenye rafu ya sebuleni kwa Hillary, namba kwa namba. Rachel ana miaka tisa. Aliipuliza 41, akaichomeka, akalima shamba lote kabla mvua haijanyesha. Ana paji la uso lilelile.

Mimi na babake hatukuwahi kucheza pamoja hata dakika moja.

Kwenye grupu niliandika kila kitu, kama nilivyowaandikia hapa. Nikamwachia Kituku uadmini. Na kabla sijatoka nikaisahihisha orodha: "41. Ipo. Iko Mboghoni, kwa kaka yangu, na zingine ziko hapo nayo."

Somo langu ni dogo, na nimelilipia. Siku mtu akija kwako na bahasha mkononi, hata kama una hakika hana haki, mwache aifungue.